Mafua ya salfa na mkojo uliogoma: kisa cha mkulima wa korosho mkoani Mtwara

Jina la mgonjwa, kijiji, duka la dawa na kituo cha afya vimeondolewa, na umri umetajwa kwa kukadiria. Dozi, vipimo na mfuatano wa siku vimebaki, maana bila hivyo kisa hakisomeki.

Mgonjwa na mazingira yake

Ni mwanaume wa miaka 60 na kitu, mkulima wa korosho kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Presha yake iligunduliwa miaka 2 kabla ya tukio, akaandikiwa amlodipini 5 mg, kidonge 1 kila siku. Alikuwa akiimeza kichwa kinapouma tu. Kikitulia, pakiti inarudi juu ya kabati. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akiamka mara 3 hadi 4 usiku kwenda kukojoa, mkojo ukitoka taratibu, unakatika, unaishia kwa matone. Hakuwahi kumwambia mhudumu yeyote. Kwake huo ulikuwa uzee, na uzee haupelekwi zahanati.

Kila mwaka mikorosho inapoanza kuchanua, kuanzia Juni hivi, asubuhi hupiga chafya mfululizo, macho humwasha na kamasi jepesi humtiririka kama maji. Huo ni mzio. Julai huongezeka jambo la pili, salfa.

Unga wa salfa hupulizwa kukinga ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajashika korosho. Kazi huanza alfajiri, umande ungali juu ya majani ili unga unate, na upepo haujaamka. Mashine hubebwa mgongoni. Wingu la njano hupanda kwenye matawi, kisha hushuka kwa aliyelipuliza. Mzee alikuwa amejifunga kipande cha kanga puani. Kanga huzuia takataka kubwa tu. Unga wa salfa ni laini sana, na ukikutana na unyevu wa macho na pua huchoma. Pua iliyokuwa imevimba kwa mzio ikaongezewa moto.

Tofauti hiyo ni ya msingi katika kisa hiki. Mzio huwasha, salfa huchoma. Mzio humfuata mtu hadi kitandani. Muwasho wa salfa huanza shambani na hupungua saa chache baada ya kuoga na kukaa mbali na unga. Dawa za mzio huzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya na muwasho wa mzio. Kinachochomwa na salfa hakisubiri histamini, kwa hiyo hata kidonge kizuri cha mzio kitasaidia nusu tu ya tatizo, na mgonjwa akiona nusu imebaki ataongeza dozi. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya 1: kaunta ya duka la dawa muhimu

Mazungumzo, kama yalivyokusanywa baadaye kwa wote wawili, hayakufika dakika 2.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nipe dawa ya mafua, pua imeziba, sipumui."

"Homa unayo?"

"Homa sina. Ni tangu tuanze salfa."

"Basi chukua hii, inafungua haraka. Moja mara tatu."

Alipewa karatasi moja ya vidonge 10. Kila kidonge kilikuwa na klorofeniramini 4 mg, ambayo ndiyo ile ile watu waijuayo kama piritoni, pamoja na sudoefedrini 60 mg (kwenye pakiti jina lake huanza na "pseudo"). Maelezo ya pakiti yalisema kidonge 1 kila baada ya saa 4 hadi 6, visizidi 4 kwa saa 24.

Tumtendee haki mtoa dawa. Aliuliza homa, na dozi aliyotaja ilikuwa ndani ya maelezo ya pakiti. Kilichompita ni yale maneno matatu, "tangu tuanze salfa". Yalimwambia kwamba haya si mafua ya siku 5 yatakayopita yenyewe. Ni tatizo la msimu mzima, na kidonge cha kuzibua pua hakikutengenezwa kwa matumizi ya msimu mzima.

Siku ya 2 hadi ya 5: nyumbani

Siku ya 1 na ya 2 alimeza vidonge 3 kwa siku. Pua ilifunguka vizuri, mdomo ukakauka, na usiku usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Hilo la usingizi huwashangaza wengi, maana wanajua piritoni inalaza. Klorofeniramini inalaza kweli, lakini sudoefedrini inaamsha, na mtu anayemeza zote mbili jioni anaweza kuchoka na asilale.

Siku ya 3 walipulizia shamba la pili. Jioni macho yalikuwa mekundu na pua imeziba tena, akameza vidonge 2 kwa pamoja badala ya 1. Jumla ya siku hiyo ikawa 4. Mke wake, akiona macho yanavyomwasha, akatoa bahasha ndogo ya dawa iliyobaki tangu mjukuu alipopata vipele: piritoni 4 mg, juu yake pameandikwa "1x3" kwa kalamu na hakuna kingine. Akampa 2 za usiku. Ikawa hivyo siku ya 3, ya 4 na ya 5. Karatasi ya kwanza iliisha siku ya 3, mjukuu mwenye bodaboda akatumwa kununua nyingine. Dukani alisema "ile ile ya babu", akapewa.

Kuanzia siku ya 4 alikojoa kidogo kidogo na kwa kujikamua. Mdomo mkavu ukamfanya anywe maji mengi, na mchana akanywa madafu mawili.

Usiku wa siku ya 5

Alimeza dozi ya mwisho saa 2 usiku. Saa 5 alitaka kukojoa, hapakutoka hata tone. Alikwenda chooni mara nne au tano. Mke wake alidhani maji yamepungua mwilini, akamchemshia chai. Kibofu kilikuwa kimejaa, na chai ikakiongezea.

Alfajiri tumbo la chini lilikuwa limevimba hadi karibu na kitovu, gumu kama boga, na akiguswa analia. Mjukuu alimpakia kwenye bodaboda, dakika 40 za barabara ya vumbi na matuta. Kwa kibofu kilichojaa hivyo, bajaji ya jirani ingekuwa na huruma zaidi.

Kituo cha afya: kilichofanywa na kwa nini

Alifika saa 2 asubuhi. Presha ilikuwa 186/104, mapigo 106 kwa dakika, homa hakuna. Kwenye daftari la mapokezi palikuwa pameshaandikwa "UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Ni neno linalopenda kuandikwa mapema. Mtu akitaja mkojo tu, anaondoka na antibayotiki. Tabibu wa zamu alipapasa tumbo, akagonga juu ya kibofu, akasikia mlio mzito wa kitu kilichojaa kimiminika. Aliandika upya: mkojo umezuilika ghafla.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mpira wa mkojo namba 16, uliotanguliwa na jeli ya ganzi. Zilitoka mililita 950. Kwa kawaida mtu huhisi haja akiwa na mililita 300 hadi 400. Muuguzi alitaka kuubana mpira zilipofika 500, kwa mazoea ya zamani kwamba kibofu kikitolewa mkojo wote kwa mkupuo presha itaporomoka. Tabibu aliuacha utiririke. Kutoa kidogo kidogo hakujaonyesha faida, na kila dakika ya kubana ni dakika ya maumivu. La maana ni kupima mkojo unaoendelea kutoka baada ya hapo: ukizidi mililita 200 kwa saa, kwa saa kadhaa mfululizo, mgonjwa atapoteza maji na chumvi na lazima afuatiliwe. Yeye hakufika huko. Kipimo cha mkojo cha kijiti hakikuonyesha dalili ya maambukizi, na antibayotiki haikutolewa.

Uamuzi wa pili ulihusu presha. Kulikuwa na pendekezo la kumpa nifedipini ya kuyeyuka haraka chini ya ulimi. Tabibu alikataa. Mgonjwa hakuwa na maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, wala kuchanganyikiwa; alikuwa na kibofu kinachomuua kwa maumivu na sudoefedrini mwilini. Kuishusha presha ghafla kwa mtu wa umri huo kunaweza kuunyima ubongo au moyo damu. Baada ya saa 1, mkojo ukiwa umetoka na hakuna dawa ya presha iliyotolewa, kipimo kilisoma 160/94. Amlodipini ilirudishwa kwa dozi yake ya kila siku.

Uamuzi wa tatu ndio uliofungua kisa. Tabibu hakuuliza "unatumia dawa gani?", maana jibu la swali hilo ni "situmii dawa, nina mafua tu". Alisema, "Leteni kila kidonge kilichopo nyumbani." Mjukuu alirudi na mfuko. Ndani: karatasi moja tupu ya vidonge 10, nyingine imebaki 2, bahasha ya piritoni, na amlodipini iliyokaribia kujaa.

Hesabu ya vidonge

Vidonge 18 kwa siku 5. Siku ya 1 na ya 2 vidonge 3, siku ya 3, ya 4 na ya 5 vidonge 4. Kwa siku tatu za mwisho, klorofeniramini ya vidonge 4 ni 16 mg. Piritoni 2 za usiku ni 8 mg. Jumla 24 mg kwa siku. Sudoefedrini ni 240 mg kwa siku.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa cha kufundishia. Ukiacha kumeza viwili kwa pamoja jioni, hakuna pakiti aliyoikiuka. Vidonge 4 kwa siku vimeruhusiwa na pakiti ya kwanza. Piritoni 2 kwa siku ni chini ya ile "1x3" ya bahasha. Jumla ya 24 mg ndiyo kikomo cha mtu mzima, na 240 mg ya sudoefedrini pia ndiyo kikomo chake. Lakini kwa mzee kikomo cha klorofeniramini ni 12 mg kwa siku, na wengi wanaona bora asipewe kabisa. Kila pakiti ilisema kweli peke yake. Hakuna aliyezijumlisha.

Kwa nini mkojo uligoma

Kukojoa kunataka mambo mawili kwa wakati mmoja: msuli wa kibofu ukaze, na mlango wake ulegee.

Sudoefedrini hufungua pua kwa kubana mishipa ya damu. Pua iliyoziba, mara nyingi, haijajaa kamasi. Imejaa damu kwenye nyama laini za ndani, ndiyo maana mtu hupenga bila kutoa kitu. Mishipa ikibanwa, nyama zinasinyaa, hewa inapita. Ila vipokezi vinavyopokea amri hiyo ya kubana vipo pia kwenye mlango wa kibofu na ndani ya tezi dume. Kidonge hakijui kuchagua. Kinachofungua juu kinafunga chini.

Klorofeniramini huzuia histamini, na kwa hilo hukausha kamasi, hupunguza chafya na muwasho. Pembeni huzuia asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru msuli wa kibofu ukaze. Mdomo mkavu alioupata mzee tangu siku ya 2 ni kizuizi hicho hicho kikionekana mahali pengine. Mdomo ukikauka kwa mzee anayetumia dawa ya mafua, muulize mkojo siku hiyo hiyo.

Weka juu yake tezi dume iliyokuwa tayari imeukaba mrija kwa mwaka mzima. Mlango umebanwa na dawa moja, msuli umelegezwa na nyingine, njia ilishakuwa nyembamba. Maji, madafu na chai vikamalizia.

Kuhusu presha, wastani wa sudoefedrini kwa mtu ambaye presha yake imetulia ni kupanda kidogo tu, pointi 1 hivi kwa namba ya juu. Wastani huo unawahadaa watu. Kwa ambaye presha haijadhibitiwa, upandaji unaweza kuwa mkubwa. Ndiyo maana mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilielekeza kwamba mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, au ugonjwa mkali wa figo, asipewe sudoefedrini, baada ya kupitia taarifa za nadra za mishipa ya ubongo kubana na ubongo kuvimba.

Kosa la hospitalini

Mpira ulitolewa siku ya 7 asubuhi, saa 24 baada ya kuwekwa. Kufikia saa 10 jioni hakuwa amekojoa. Ukarudishwa, zikatoka mililita 600. Mzee alikata tamaa, na ndugu wakaanza kuulizia mganga.

Iliharakishwa. Sudoefedrini ilikuwa karibu imeisha mwilini, kwa kuwa nusu yake hutoka ndani ya saa 5 hadi 8. Klorofeniramini ni nzito kuondoka: nusu yake huchukua takribani saa 20 au zaidi, na kwa wazee huchelewa. Mpira ulipotolewa zilikuwa zimepita saa 36 tangu dozi ya mwisho, na huenda zaidi ya robo ilikuwa bado inafanya kazi. Tamsulosini 0.4 mg, dawa ya kulegeza mlango wa kibofu, ilikuwa imemezwa mara 1 tu, jioni ya siku ya 6. Hata kile kibofu kilichotanuliwa usiku mzima kilihitaji kupumzika.

Mara ya pili walisubiri hadi siku ya 10, baada ya tamsulosini mara 4. Alikojoa mililita 280 ndani ya saa 3, na ultrasaundi ya hospitali ya wilaya ikakuta zimebaki 60. Tezi dume ilionekana imekua. Kipimo cha damu cha PSA, kinachochunguza saratani ya tezi dume, hakikuchukuliwa siku zile, na hiyo ilikuwa sahihi: mkojo kuzuilika na mpira wenyewe hukipandisha, na namba ya uongo humtia mtu hofu ya saratani bure. Kilipangwa baada ya wiki 6.

Kwa kuwa tamsulosini na amlodipini zote zinaweza kushusha presha mtu anaposimama, aliambiwa aketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika 1 au 2 kabla ya kunyanyuka usiku. Mke wake ndiye aliyelisimamia hilo.

Pua nayo ikatibiwa vipi

Kumwambia mtu "acha dawa hiyo" bila kumpa njia nyingine ni kumrudisha dukani wiki ijayo. Mikorosho ilikuwa bado ina awamu mbili za kupuliziwa.

La kwanza lilikuwa kumtoa kwenye wingu. Mashine ilihamia kwa kijana. Mzee akabaki kupima unga na kusimamia, akisimama upande upepo unakotoka. Barakoa ya vumbi inayokaa vizuri usoni na miwani ya kufunika macho vilinunuliwa mjini. Baada ya kazi anaoga na kunawa uso kabla ya kula, na nguo za salfa hazilali chumbani.

La pili ni kuosha pua kwa maji ya chumvi. Kipimo alichofundishwa: nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na viungo kwenye maji ya glasi moja, mililita 240 hivi, yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu. Maji ya kisima au ya tangi la mvua hayatumiki bila kuchemshwa. Unainama juu ya beseni, unapitisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pua moja baada ya nyingine, ukipumua kwa mdomo. Maji yakichoma, chumvi imezidi au imepungua mno. Siku ya kwanza maji yaliyotoka yalikuwa ya manjano, na hilo lilimshawishi mzee kuliko maelezo yoyote.

La tatu ni dawa ya kupuliza puani ya flutikasoni, mikrogramu 50 kwa mpulizo, mara 2 kila tundu, mara 1 kwa siku. Hii ndiyo dawa yenye nguvu kuliko vidonge kwa pua inayoziba kwa mzio, na haigusi mlango wa kibofu. Tatizo lake ni subira: huanza kusaidia ndani ya siku chache na huweza kuchukua hadi wiki 2 kufikia nguvu yake. Anayeitumia kama dawa ya kufungua papo hapo ataitupa siku ya 2. Na wengi huipuliza vibaya, kichwa kimeinuliwa nyuma, ikaishia kooni. Kichwa kiinamishwe mbele kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto na wa kushoto tundu la kulia, ncha ielekee upande wa sikio, isielekee ukuta wa katikati. Ukuta huo ukipigwa kila siku hutoka damu. Usivute kwa nguvu baada ya kupuliza.

Kwa muwasho wa macho na chafya alipewa loratadini 10 mg, mara 1 kwa siku. Setirizini ingekuwa rahisi kupatikana, lakini huwalaza baadhi ya watu, na kwa mwenye tatizo la kukojoa maelezo yake yenyewe yanataka tahadhari.

Kulikuwa na wazo la matone ya kuzibua pua, ya ksailometazolini. Lilikataliwa. Yakizidi siku 5 hivi pua huyazoea, na kila yanapoisha nguvu inaziba zaidi ya awali. Kwa salfa ya wiki kadhaa ni mtego.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni ule mfuko wa vidonge. Bila hesabu ile kisa kingeishia "tezi dume", mgonjwa angeandikiwa tamsulosini na angerudi nyumbani kumalizia vidonge viwili vilivyobaki. Kukataa kushusha presha haraka na kukataa antibayotiki isiyo na sababu nako kulifaa.

Kilichoshindikana kilianza kabla ya duka. Kliniki ya presha ilimwona mara kadhaa kwa miaka 2 na haikumuuliza mkojo. Dukani, jina "dawa ya mafua" lilibeba kila kitu, na ununuzi wa pili, wa "ile ile ya babu", ulipita bila swali hata 1. Huo wa pili ndio mzito zaidi kwa maoni yetu. Mtu anayerudi kwa karatasi ya pili ndani ya siku 4 anakwambia kwamba ya kwanza haikutosha au ametumia zaidi ya ulivyomwambia.

Kwa mwanaume wa zaidi ya miaka 50, kaunta inahitaji maswali manne kabla ya kutoa kidonge chenye dawa ya mzio na ya kuzibua pua kwa pamoja. Una presha, na leo umemeza dawa yake? Usiku unaamka mara ngapi kukojoa, na mkojo unatoka kwa nguvu? Una presha ya macho? Nyumbani kuna piritoni, au dawa nyingine ya mafua, kikohozi au usingizi? Jibu moja baya linatosha kukirudisha kidonge kwenye rafu.

Wapo wengine wa kuulizwa. Mama anayenyonyesha, maana sudoefedrini hupunguza maziwa. Mjamzito, hasa miezi 3 ya mwanzo. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa rovu linalofanya kazi kupita kiasi. Anayemeza amitriptilini, kwa sababu nayo hukausha mdomo na kulegeza kibofu. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayetumia linezolidi anaweza kupandwa na presha vibaya akichanganya na sudoefedrini, na huyu husahaulika kwa kuwa dawa zake hazitoki dukani. Watoto chini ya miaka 6 hawapewi. Dereva wa bodaboda anayemeza klorofeniramini asubuhi hapaswi kushika usukani, na msimu wa mabibo akiongeza uraka, pombe ya mabibo, juu yake ni balaa.

Wengine watasema basi tutoe pakiti zenye fenilefrini, dawa nyingine ya kuzibua pua, badala ya sudoefedrini. Zipo tele kwenye rafu, kwa sehemu kwa sababu sudoefedrini inadhibitiwa kama malighafi ya dawa za kulevya chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, na watengenezaji wengi walihamia huko. Lakini Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilikubaliana kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa dozi ya kawaida, haizibui pua, na Novemba 2024 mamlaka hiyo ikapendekeza iondolewe kwenye dawa hizo. Ukimpa mzee fenilefrini na klorofeniramini, pua itabaki imeziba na kibofu kitabaki kimelegezwa. Tena nyingi za pakiti hizo zina parasetamoli 500 mg ndani. Anayeongeza parasetamoli ya kichwa pembeni anaweza kuvuka gramu 4 kwa siku bila kujua.

Baada ya wiki 6

Presha ilisoma 140/84, amlodipini ikimezwa kila siku baada ya chai ya asubuhi. Anaamka mara 1 usiku, wakati mwingine 2. PSA ilikuwa ya kawaida kwa umri wake. Mwakani flutikasoni itaanzwa wiki 2 kabla ya maua, ili pua ikutwe tayari.

Vile vidonge 2 vilivyobaki havikuonekana kwenye mfuko mgonjwa aliporuhusiwa. Vilikuwa kwa mkwewe, aliyekuwa na mtoto wa miezi 4 na mafua ya siku 2. Alikuwa amevichukua avimeze usiku huo. Vilirudishwa dukani, na mtoa dawa akaandika kwa kalamu nyeusi kwenye boksi la rafuni: "Presha? Mkojo? Ananyonyesha?"